Mashine Haikuwa na Pambizo

Mliponiaga mlinipa mwavuli, kitenge na amri. Mwavuli na kitenge nimeshavitumia. Amri, yaani niandike niliyojifunza kazini ili mliobaki msianze upya, nimeikwepa wiki tatu nzima kwa kuhamisha kuku, kupaka chokaa jikoni na mambo mengine ambayo yangeweza kungoja. Leo sina kisingizio. Mvua inanyesha hapa Kasulu tangu asubuhi, na mume wangu, Baba Odeta, amesema akiniona nimeshika ufagio tena atawapigia simu.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipata viwili tu, na cha pili kilikuja na kiti kibovu kuliko cha kwanza.

Nilimaliza kidato cha nne nikaingia masjala ya ofisi ya wakimbizi, nikakaa huko miaka mingi nikipanga majalada na kumwomba Mungu nisitumwe safari. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walipanda mabasi wakaenda kuona dunia. Mimi nikifika stendi ya Kasulu nahisi nimeona ya kutosha. Lakini mwaka 2012 ofisi ilikosa wakalimani wa chumba cha mahojiano, na mtu fulani akakumbuka kwamba karani wa masjala ni Muha wa kuzaliwa. Kiha na Kirundi ni ndugu. Mtu wa Kasulu na mtu wa ng'ambo ya mpaka wanaweza kugombana siku nzima bila mkalimani. Basi nikahamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine katika jengo lile lile, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ndefu kuliko zote hadi wakati huo.

Kwa mgeni wa kazi hii nieleze kidogo. Kambi ya wakimbizi ni ya raia. Anayeshika silaha hatakiwi kulala humo. Hutenganishwa na wengine, hupelekwa mahali pengine mbali, na hukaa huko mpaka uchunguzi wake uishe. Kazi yetu ilikuwa kuwahoji wanaume waliovuka mpaka na kusaidia kujua nani ni nani. Ukikosea upande mmoja, umemwingiza mwenye bunduki katikati ya watoto. Ukikosea upande wa pili, umemtoa baba kwa watoto wake. Niliyaelewa hayo yote kwa maneno tangu asubuhi ya kwanza. Kuyaelewa kwa namna nyingine kulichukua miaka mitatu.

Aliyenipokea ni Mzee Ruhuza, mkalimani mkuu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Nilitegemea anipe kalamu. Akanipa rula.

"Piga mstari," akasema. "Ukurasa wote, juu mpaka chini. Acha upana wa vidole vitatu kulia."

Nikapiga.

"Huku kushoto unaandika alichosema. Huku kwenye pambizo unaandika usichokielewa."

Nikafanya mahojiano yangu ya kwanza nikiwa na jasho la mgongoni. Nilipomletea daftari akaangalia pambizo. Lilikuwa jeupe kabisa.

"Umeelewa kila kitu?"

"Ndiyo, mzee."

"Siku ya kwanza?" Akasimama, akasogeza kiti chake kuelekea kwangu. "Basi kaa hapa wewe. Mimi niende nikalime."

Tangu siku hiyo pambizo langu halikuwahi kubaki jeupe. Niliandika humo hata upuuzi. Mbona anatazama mlango. Mbona viatu si vyake. Kwa nini amecheka nilipotaja mvua.

Mzee Ruhuza alikuwa na madaftari saba ya namna hiyo. Katika daftari la nne alikuwa ameorodhesha dalili za mtu aliyewahi kuwa askari au mwasi: sugu begani, kutembea kwa hatua moja na wenzake, majibu mafupi, kujua njia za porini, kufika katika kundi la wanaume wa rika moja. Nilimuuliza kama ukiziona zote basi ndiye. Akaniambia dalili inakuambia uulize, haikuambii ujibu, na kwamba nimletee chai. Mwisho wa mwaka huo alistaafu akaniachia madaftari yote saba. Kwa hiyo nilikuwa na kiti chake, madaftari yake na hekima yangu mwenyewe, ambayo ndiyo iliyoleta matatizo.

Mwaka 2013 zikaja kompyuta za kubeba. Akaja pia mkufunzi wa siku mbili, akatufundisha kuhifadhi kumbukumbu za kazi kidijitali. Ziwe fupi, ziwe safi, zitafutike. Sitaki mnidhanie mzee anayechukia mashine, maana niliipenda siku hiyo hiyo. Zamani, kutafuta mahojiano ya mtu aliyepita miezi sita nyuma kulikuwa kazi ya nusu siku na kikohozi cha vumbi. Sasa naandika neno "bega" na mahojiano yote yenye bega yanakuja mbio kama kuku walioona mahindi. Nilikuwa natafuta vitu nisivyovihitaji, kwa raha tu.

Nikapewa kazi ya kuyachapa madaftari saba pamoja na mahojiano yetu yote. Jedwali lilikuwa na safu za dalili, safu ya ndiyo au hapana, na safu ya matokeo. Nikamuuliza mkufunzi, "Na haya ya pambizo niyaweke wapi?"

Akainama akasoma mwandiko wa Mzee Ruhuza, ulioonekana kama sisimizi waliogombana.

"Yana safu yake?"

"Hayana."

"Basi, mama, hayo si data."

Ningeweza kubisha. Nilipiga hesabu ya kurasa zilizobaki, nikaona kwamba bila pambizo kazi inapungua karibu nusu, nikakubaliana na sayansi. Nilichapa miezi minne. Nilipomaliza nilipigiwa makofi, na madaftari nikayapeleka nyumbani, kwa sababu ofisini yalikuwa yanakula nafasi.

Mwaka uliofuata akaja Zuhura, mtaalamu wa takwimu kutoka Tanga, mwenye ushungi mweupe ambao vumbi letu jekundu liliushughulikia ndani ya wiki moja. Alikuwa na ufundi ambao sikuwahi kuuona. Aliyachukua mahojiano niliyoyachapa akatengeneza programu ya kuingia kwenye tableti. Unamuuliza mtu maswali, unagusa ndiyo au hapana, mwishoni inatoa rangi. Kijani, raia. Njano, hojiwa tena. Nyekundu, yamkini mpiganaji.

Nilimsumbua sana Zuhura kwa maswali. Nilitaka kujua inajuaje.

"Haijui, Mama Odeta. Inajifunza. Nimeionyesha mahojiano yenu ya zamani na jinsi yalivyoisha. Inaona wenye dalili hizi waliishia wapi, basi akija mpya inakisia."

"Kwa hiyo imejifunza kwangu?"

"Kwako na kwa huyo mzee wako."

Nilivimba kichwa, siwafichi. Mtu wa kidato cha nne, na mashine inasoma darasani kwangu.

"Sasa ikikosea," nikauliza, "amekosea nani? Wewe, mimi au Mzee Ruhuza?"

Alifikiri. Ndicho nilichompendea Zuhura, kwamba swali alilichukua kama swali. "Sijui," akasema. "Na sisi tuna nafuu. Hii yetu inaweka rangi tu. Huko vitani kwenyewe kuna watu wanaotengeneza ndugu zake. Inamwangalia mtu kutoka angani, kwa ndege isiyo na rubani, inaangalia anatembeaje, yuko na nani, inasema huyu ni askari. Rangi yake ikiwa nyekundu, ndege inapiga."

"Bila kumuuliza?"

"Itamuulizaje, mama? Iko juu."

Jambo hilo lilinikaa. Haukupita muda nikawa naosha vyombo na kuiwaza ile ndege. Nilitaka kujua kama kuna mtu yeyote, katika nchi yoyote, aliyepewa rula akaambiwa aipigie mstari.

Wiki hiyo hiyo Baba Odeta alikuja ofisini kuniletea mwavuli. Zuhura alitaka kujaribu programu kwa mtu wa kawaida, akamkalisha.

"Shikamoo baba. Una sugu begani?"

"Marahaba. Ninayo."

"Unatembea kwa hatua moja na wenzako?"

"Inategemea tunakwenda wapi."

"Ndiyo au hapana, baba."

"Ndiyo."

"Unazijua njia za porini?"

"Ndiyo."

Tableti ikafikiri kidogo, ikatoa nyekundu iliyoiva kama pilipili. Ofisi nzima tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia mume wangu mbele ya watu kwamba tangu tufunge ndoa nilihisi kuna jambo analonificha. Yeye mwenyewe alicheka, akaacha mwavuli, akaenda zake. Nyumbani tulimwita mwasi kwa mwezi mzima.

Mniangalie vizuri hapo, wadogo zangu. Mashine ilituambia waziwazi kwamba haijui kitu, ikatuambia kwa kumtumia mtu ninayempikia kila siku, na sisi tukacheka.

Mwaka 2015 watu walianza kuvuka tena kwa wingi, na tukahamishiwa Kibondo. Kwenu Kibondo ni saa chache za barabara ya vumbi. Kwangu ilikuwa ng'ambo. Nilisafiri na mto wangu wa kulalia, sufuria yangu, na picha ya jiko langu kwenye simu, na bado wiki ya kwanza nilimwambia kila mtu kwamba maharage ya kule yanachelewa kuiva. Zuhura alisema maharage ni yale yale, ni mimi ninayeyatazama sana.

Tulifanyia kazi chini ya turubai nje ya mji. Mkuu wetu alikuwa Bwana Lwitiko kutoka Mbeya, mtu wa taratibu, aliyepiga pasi shati hata katika mahali ambapo shati linadumu safi dakika ishirini. Yeye ndiye aliyetia saini orodha ya wanaotenganishwa. Lori la kuwachukua liliondoka saa kumi kamili, na Bwana Lwitiko hakuwahi kulichelewesha.

Asubuhi moja nililetewa wanaume wanne pamoja. Wakubwa, rika moja, wametoka kilima kimoja, matope mpaka magotini. Aliyeongea kwa niaba yao aliitwa Nestori.

Nikaanza maswali ya kwenye tableti. Sugu begani? Vueni. Nikaona ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino. Nikagusa ndiyo. Mmetembea pamoja? Ndiyo. Njia za porini? Ndiyo. Majibu yao yalikuwa mafupi kama ya watu wanaosikiliza kitu kingine nje.

"Mama," Nestori akasema katikati, "mke wangu..."

"Jibu swali kwanza, baba. Mengine baadaye."

Nilisema hivyo, na nilisema kwa upole, jambo ambalo halinisaidii. Swali la mke halikuwemo, na walikuwapo watu wengi nyuma yao wakingoja. Akanyamaza. Nikamaliza. Nyekundu nne, zimepangana kama vifungo.

Nikazipeleka kwa Bwana Lwitiko. Nikaendelea na wengine mpaka saa nane, wao walipoambiwa wakakae kwenye benchi la lori. Nikaenda kumimina chai, na nilikuwa na kikombe mkononi walipoinuka kulifuata lile benchi.

Waliinuka pamoja. Wakaenda wawili mbele na wawili nyuma, kwa hatua moja. Na katikati yao wakaacha nafasi. Hakuna aliyewapanga. Ilikuwa nafasi ya urefu wa mtu mmoja aliyelala, nao walikuwa wanaizunguka kwa uangalifu, wakikata kona polepole, kana kwamba kuna anayeweza kuumia.

Niliweka kikombe chini. Mtembeo ule ninaujua tangu utotoni. Huku kwetu, kama kule kwao, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka yenye miti miwili, mabegani mwa wanaume wa kilima. Kila kaya hutoa mtu. Asiyebeba wenzake, siku akiugua atajibeba. Na hatua lazima ziwe moja, maana mkipishana mgonjwa anarushwa.

Nikamkimbilia muuguzi wa zamu. "Asubuhi kuna mtu aliletwa kwa machela?"

"Yule mama? Ana mimba kubwa, anatoka damu. Gari lilimchukua saa mbili kwenda hospitali ya wilaya. Na machela yake tulimpeleka nayo, alikuwa hawezi kuhamishwa."

Kwa hiyo machela ilikuwa Kibondo mjini, na mimi nilipewa mabega.

Bwana Lwitiko alinisikiliza akiwa ameshika kalamu.

"Mama Odeta, mashine imeweka nyekundu kwa wote wanne. Wewe ndiye uliyeijaza."

"Nilijaza nilichoulizwa."

"Na sasa unasema sio?"

"Nasema kuna kitu kwenye daftari la Mzee Ruhuza. Pale kwenye bega, kwenye pambizo, aliandika kitu kuhusu machela. Sikukichapa."

"Kinasemaje?"

Hapo nikakwama. Nililisoma pambizo lile mara ngapi sijui, na sikukumbuka neno hata moja.

"Siwezi kuzuia lori kwa kitu usichokikumbuka," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Nipe maandishi. Ni saa nane na nusu."

Mtandao wa simu ulipatikana juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya turubai. Nikapanda, mtu wa umri wangu, na Zuhura akanishika kiuno.

"Baba Odeta, uko wapi?"

"Nyumbani. Niko wapi kwingine? Wewe ndiye msafiri siku hizi."

"Nenda kwenye lile sanduku la bati. Madaftari ya Mzee Ruhuza. Daftari la nne."

Nikasikia sanduku likivutwa. Nikasikia akikohoa. Nikasikia akimfukuza kuku ambaye hakutakiwa kuwa chumbani.

"La nne nimelitia chini ya mguu wa kabati," akasema. "Lilikuwa linayumba."

"Litoe."

"Kabati litayumba."

"Baba Odeta."

"Nalitoa. Nasoma ukurasa gani?"

"Penye dalili. Sugu begani. Soma pambizo."

Bwana Lwitiko alikuwa amekuja mpaka chini ya kichuguu. Nikaweka sauti ya nje. Mume wangu husoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe kwa jiwe.

"'Bega moja, uliza. Mabega yote mawili, uliza kwanza mgonjwa yuko wapi.' Ni hayo tu. Si ndiyo habari yangu hii? Si mlinikalisha pale mkaniita mwasi?"

Wachukuzi wa machela hupokezana upande wakichoka, kwa hiyo mabega yote mawili huota sugu. Mwenye bunduki huwa na upande wake. Mzee Ruhuza alilijua hilo, na tableti iliuliza neno bega tu, kwa sababu mimi nilichapa neno bega tu.

Tukarudi kwenye benchi. Bwana Lwitiko akawaomba wavue tena. Wa kwanza, mabega yote mawili. Wa pili, yote mawili. Wa tatu, yote mawili. Nikaanza kutembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Nestori alikuwa na moja. La kushoto.

Nawaambieni nilichofikiri, maana ndicho kitu pekee katika maandishi haya kinachofaa kukumbukwa. Nilifikiri: basi, ndiye. Kwa nusu dakika nzima nilikuwa na kanuni mpya, bega moja na mabega mawili, nami nilikuwa tayari kuitumia kama nilivyoitumia ile ya zamani. Tofauti ni kwamba hii niliikuta kwenye pambizo. Lililoniokoa ni neno lile ambalo Baba Odeta alilisoma mara mbili. Uliza.

Nikakaa naye kwenye benchi. Tableti nilimwachia Zuhura.

"Amahoro, baba. Mwanzoni ulitaka kuniambia habari za mke wako nikakukata. Mke wako anaitwa nani?"

"Spesioza." Sauti yake ilikuwa chini. "Yuko hai?"

"Yuko hospitali, sijui zaidi ya hapo. Ukinijibu nitapiga simu kuuliza. Hapana, subiri." Nikamtazama Zuhura. "Piga sasa hivi."

Zuhura akapanda kichuguu. Tukasubiri, sisi na lori. Akarudi akasema yuko hai, damu imekata, mtoto anacheza tumboni. Nestori aliweka viganja viwili usoni akakaa hivyo. Wale watatu wakatazama pembeni, kwa adabu.

"Wenzako wana sugu pande mbili," nikamwambia. "Wewe kwa nini una upande mmoja?"

Akashika bega lake la kulia. "Nilibeba bunduki nikiwa kijana. Miaka miwili, katika vita vya zamani. Niliibeba kulia. Niliporudi kilimani nikaweka nadhiri kwamba bega hilo halitabeba mgonjwa. Siku zote nabeba kushoto."

Bwana Lwitiko aliacha kuandika.

Mmoja wa wale watatu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, akasema, "Huyu tunampanga upande mmoja kila mara. Kulia hatumpi. Kilima kizima kinajua."

"Mngeweza kusema tangu mwanzo," nikasema.

"Hukuuliza, mama."

Sasa pigeni hesabu wenyewe, mliosoma kunizidi. Mashine iliwaita wanne wapiganaji. Watatu hawakuwahi. Mmoja aliwahi, nayo haikujua ni yupi, na ilimtambua kwa bega la machela, si kwa bega la bunduki. Ilimpata mtu kwa ushahidi wa jambo jema alilofanya tangu alipoacha lile baya. Zuhura alisema kwa sauti ndogo, "Lakini kwa Nestori ilipatia."

"Ilipatia," nikamjibu. "Ungekuwa ndege, ungeshapiga."

Bwana Lwitiko alitazama saa. Zilibaki dakika kumi. Mtu wa taratibu ana faida yake: akitoka nje ya mstari anatoka kwa maandishi. Aliwaondoa wale watatu kwenye orodha. Kwa Nestori aliandika kwa mkono, mistari sita, kwamba amekiri mwenyewe, kwamba uchunguzi wake utafanyikia Kibondo karibu na hospitali, na kwamba ataripoti kituoni kila asubuhi. Halafu akaandika jina lake lote, la baba na la babu.

"Jambo likiharibika," akaniambia, "walau watajua wa kumuuliza."

Lori liliondoka saa kumi na robo. Nafikiri aliugua usiku kwa ajili ya ile robo.

Zuhura hakulala na jambo hilo kwa urahisi. Kesho yake alianza kuifumua programu. Alitaka kuongeza swali la mabega mawili, nikamwambia aongeze, lakini kesho atakuja mwenye sababu ya tatu ambayo hatujaisikia. Mwishowe alitia kisanduku kitupu chini ya rangi. Nyekundu haiwezi kutumwa mpaka mtu ameandika humo kitu asichokielewa, na jina lake. Alikiita Pambizo. Wiki ya kwanza mmoja wenu, simtaji, aliandika humo "hakuna". Nilimsogezea kiti changu.

Spesioza alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti. Nestori alikuja kuripoti kila asubuhi, akisimama mlangoni akiwa na udongo wa kibarua mikononi. Uchunguzi wake ulikuwa haujaisha nilipostaafu, na sijui utaishaje. Watu wananiuliza kama nilifanya vizuri kumtetea. Sikumtetea. Nilimuuliza mara ya pili, baada ya kukataa kumsikia mara ya kwanza.

Siku yangu ya mwisho nilimwomba Zuhura amtafute Baba Odeta kwenye programu, maana jaribio letu la Kasulu lilikuwa bado limo. Alikuwa bado mwekundu. Kisanduku kikafunguka, kikasubiri. Nikaandika: "Ni mchukuzi wa machela. Mabega yote mawili. Nimemuuliza." Nikaweka jina langu, nikaona nimefunga kazi vizuri.

Nilipofika nyumbani, nikiwa na mto wangu kwapani, nilimweleza. Alikuwa amepiga magoti akirudishia kipande cha tofali chini ya mguu wa kabati, maana daftari nimemkataza.

"Umeandika kwamba umeniuliza?"

"Ndiyo."

"Uliniuliza lini?"

Nikarudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka harusini, nikitafuta. Neno bega halikuleta kitu.

Nikavuta kigoda, nikachukua daftari la nne na rula.

"Haya," nikamwambia. "Hili la kulia lilianzaje?"

"Kaa vizuri," akasema. "La kulia ni machela. La kushoto ndilo lenye maneno."